Baba Mdogo Anatoka, Bibi Anaingia

Theluji ya kwanza ikianguka, watoto wangu wakatupa glovu zao zilizolowa juu ya kipasha joto, harufu ya sufu mbichi inayoanza kupata moto hunisimamisha pale pale nilipo. Si harufu nzuri. Inakaribiana na ya mbwa aliyenyeshewa. Lakini kwangu mimi ni harufu ya sebule ya Mzee Wendell, ghorofa ya chini, Brooklyn Center, Minnesota, saa za alasiri, redio ikiwa wazi na watu wazima wakipiga simu kulalamika kuhusu besiboli.

Wenzangu mliokulia kwenye magorofa yale ya matofali mtakumbuka jinsi wazazi wetu walivyokuwa wakipishana mlangoni. Baba alikuwa Plymouth, kwenye kiwanda cha vifaa vya hospitali. Mama alifanya kazi asubuhi kwenye nyumba ya kulelea wazee, jioni akasomea uuguzi. Basi la shule likinishusha, nilikwenda kwa Mzee Wendell, dereva wa basi mstaafu aliyekuwa amefiwa na mke wake, nikakaa huko mpaka Baba Mdogo Elia atoke kazini aje anichukue. Kusema "anichukue" ni kutia chumvi. Akifika alivua viatu, akajitupa kwenye kochi, na sote watatu tukaendelea kusikiliza redio mpaka giza liingie.

Baba Mdogo alikuwa kitinda mimba wa Bibi, mfupi, mwenye kicheko kilichoanzia tumboni. Kule Tanzania alikuwa mtu wa kandanda aliyekaukiwa na sauti kila Jumapili. Alipofika Minnesota akakuta kandanda halitangazwi popote, akawa kama mtu aliyeachishwa sigara. Mzee Wendell ndiye aliyemwokoa kwa besiboli. Baba Mdogo aliupokea mchezo huo jinsi ulivyo ila maneno yake aliyakataa. Kwake yeye hakukuwa na jina la mchezaji lililokuwa zuri vya kutosha, kwa hiyo aliwabatiza upya wote. Mrushaji mrefu aliitwa Mnazi. Mzee aliyekuwa akiingia mwishoni kumalizia mechi aliitwa Babu. Na yule mlinzi wa kituo cha pili, kijana mfupi aliyevuta soksi mpaka magotini na kuuokota mpira chini kana kwamba ameuweka yeye mwenyewe, aliitwa Fundi.

Fundi alikuwa wangu. Nilivuta soksi zangu mpaka magotini, hata kanisani, Mama akachoka kunishusha.

Mtu asiyejua besiboli anafikiri majira ya baridi ni likizo ya shabiki. Si kweli. Mechi zikiisha ndipo mateso yanapoanza, kwa sababu ndipo wakubwa wa timu wanapokaa ofisini na kuamua nani abaki na nani aondoke. Timu yetu, wakati ule, ilikuwa na sifa moja iliyojulikana na kila mtu mjini: ikishampata mchezaji mzuri, haikai naye. Ikimlea, akikomaa, inampeleka kwa timu zenye fedha, na kwa mabadilishano hayo huletewa chipukizi ambao hata majina yao watangazaji waliyasoma kwa kusitasita.

Siku ile ya Novemba nilikuwa nachora mezani. Redio ikasema jambo, na Mzee Wendell akaweka kikombe chake chini taratibu sana. Baba Mdogo akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Wamemuuza!" akasema. "Wamemuuza Fundi! Kwa watoto wawili wasiojua hata kufunga kamba za viatu!"

Nililijua neno kuuza. Nililisikia kila siku: Mama akizungumzia samaki, mchele, na gari letu la zamani ambalo Baba alikuwa akitafuta mtu wa kumuuzia. Sikuwahi kulisikia likitumika kwa mtu mwenye soksi.

"Aliulizwa?" nikauliza. Niliuliza kwa Kiingereza. Wakati ule Kiswahili kilikuwa kitu kilichoingia masikioni mwangu lakini hakikutoka mdomoni. Baba Mdogo alisema nami kwa Kiswahili, mimi nikamjibu kwa Kiingereza, na wala hatukuona ajabu.

"Nani aulizwe?"

"Fundi."

"Mchezaji haulizwi, Eliwaza. Anaamka asubuhi, anaambiwa funga mizigo."

Kisha akamgeukia Mzee Wendell kwa Kiingereza chake cha kupayuka na kumweleza kwamba, kwao, klabu ina wanachama, na wanachama wangekuwa wameshaitisha mkutano wa dharura na kudai uongozi ujieleze. Mzee Wendell alisikiliza kwa makini. "Hapa," akasema, "tunachoruhusiwa ni kupiga simu redioni." Akavuta simu, akapiga. Wiki ile yote alipiga. Na mji mzima ulipiga pamoja naye: mafundi bomba, walimu, mama mmoja kutoka Woodbury aliyelia waziwazi. Kila mmoja alitaka kujua jambo lile lile. Kwa nini hatuwi na kitu chetu kikadumu?

Nilikuwa bado na uchungu huo siku nilipomsikia Baba akizungumza na Shangazi kwa simu ya Tanzania. Enzi zile ulikwangua kadi, ukabonyeza tarakimu nyingi, halafu ukapiga kelele. Nilikuwa nimekaa chini ya meza ya jikoni, mahali nilipopapenda kwa sababu bomba la joto lilipita hapo. Baba alikuwa akicheka.

"Ndiyo, ndiyo, usajili tumeshakamilisha," alipiga kelele. "Elia anatoka, Mama anaingia! Mwambie Mama asiogope baridi, koti tumemnunulia."

Mama wa Baba ndiye Bibi, hilo nililijua. Mtu mzima angecheka. Mimi nilibaki pale chini nikitazama soksi za Baba. Baba alikuwa mtu mpole aliyekunja magazeti baada ya kuyasoma. Sikuwahi kufikiri kwamba na yeye ana ofisi mahali fulani ndani ya kichwa chake ambamo anakaa na kuamua nani aondoke.

Baada ya hapo niliona ushahidi kila upande. Chumbani kwangu kililetwa kitanda cha pili. Sanduku kubwa la Baba Mdogo lilishushwa kutoka juu ya kabati. Na Baba Mdogo mwenyewe alikuwa akiimba akinyoa ndevu, jambo lililoniuma kuliko yote, kwa sababu lilinionyesha kwamba bado hajaambiwa. Fundi pia, nilijisemea, huenda alikuwa akiimba asubuhi ile.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mama alikuwa upande wa Baba. Mzee Wendell hakuwa wa familia. Na kama kumtaja Baba Mdogo kungemkumbusha Baba kwamba mimi nami nipo, na kwamba kuna mabinamu kule Usangi wanaojua kuchota maji na kuosha vyombo na kusema Kiswahili vizuri kuliko mimi, je?

Alasiri moja Mzee Wendell alipiga simu redioni kama kawaida, akawekwa asubiri zamu. Supu yake ikaanza kufurikia kwenye jiko. Akaweka mkonga wa simu juu ya kochi, akakimbilia jikoni. Nikasikia sauti ndogo ikitoka ndani ya simu: "Uko hewani. Karibu." Sauti hiyo hiyo ikatoka pia redioni, na ikaniita mara ya pili.

Nikaichukua simu.

"Hujambo," nikasema kwa Kiingereza changu cha darasa la pili. "Nataka kulalamika kuhusu mabadilishano."

"Karibu sana," akasema mtangazaji. "Sote tunataka. Mabadilishano yapi?"

"Baba yangu amembadilisha baba yangu mdogo."

"Amembadilisha kwa nani?"

"Kwa bibi."

"Bibi huyo ana umri gani?"

"Sijui. Mzee sana. Na hajui Kiingereza."

"Hm. Na huyo baba yako mdogo, ana faida gani kwa timu?"

Nikafikiri. "Ananichukua kila siku. Anajua majina ya wachezaji wote. Anapika mayai. Na hajaambiwa. Yuko kazini, hajui kitu."

Nilisikia mtu akicheka mbali, pale studio, lakini mtangazaji hakucheka. Pengine kwa sababu sauti yangu ilikuwa imeanza kukatika. Nikamwambia lile lililokuwa chini ya yote: kwamba kama mtu anaweza kumtoa mdogo wake mwenyewe, sijui mwaka ujao atamtoa nani.

"Nisikilize," akasema, na sauti yake ya redio ilikuwa imeondoka, imebaki ya mtu. "Kazi yangu ni kujua kanuni za mabadilishano. Watu wa familia hawabadilishwi. Hairuhusiwi. Kuna jambo hujaelezwa vizuri. Mwulize baba yako leo, umesikia? Usingoje."

Mzee Wendell alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alinipokonya simu kwa upole, akasema maneno mawili, akakata. Hakunigombeza. Alinipa bakuli la supu na mkate, akakaa karibu nami kuliko alivyozoea.

Baba Mdogo alikuwa njiani, redio ya gari ikiwa wazi. Aliingia bila kuvua viatu, theluji ikimdondoka, akapiga magoti mbele ya kochi. Macho yake yalikuwa mekundu lakini mdomo ulikuwa unacheka, na mpaka leo sijui kipi kilitangulia.

"Eliwaza. Nani kakuambia nimeuzwa?"

"Baba. Kwenye simu."

Alipoelewa, aliinamisha kichwa. Kisha akanieleza, polepole, kwamba amepata nafasi ya chuo huko Iowa, asomee mitambo ya kilimo. Kwamba aliiomba mwenyewe. Kwamba alikuwa akiiomba tangu nikiwa mdogo, na akikataliwa, na akiomba tena. Bibi naye alikuwa mpweke tangu Babu afariki, kwa hiyo Baba ameona aje akae nasi, na mimi nisiwe nakaa kwa jirani kila siku. Hakuna aliyeuza mtu. Walikuwa wanangoja Krismasi ipite ndipo waniambie, nisije nikaharibikiwa sikukuu.

"Unaona?" akasema. "Ni habari njema."

Sikufarijika hata kidogo. Nitawaambia wenzangu ukweli: habari hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mtu aliyeuzwa unaweza kumlilia na kumkasirikia aliyemuuza. Mtu aliyeomba mwenyewe kuondoka, huku akiimba mbele ya kioo, unamfanya nini? Nilimwangalia nikaona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na maisha mengine, makubwa, ambayo hayakuwa na mimi katikati, na kwamba kuyataka hakukumfanya asinipende. Nilimpiga kifuani kwa ngumi, yeye akaziacha zimfikie.

Jioni hiyo Baba alirudi akiwa ameshaambiwa kila kitu na wenzake wa kiwandani, waliokuwa wamesikia. Alikaa ukingoni mwa kile kitanda kipya. "Mimi si mwenye timu," akasema. "Mimi ni baba yako. Ule ulikuwa utani wangu mbaya." Akaninyoosha nywele kwa kiganja, akaongeza, "Na wewe, huendi popote. Hata wakileta Marekani nzima."

Baba Mdogo aliondoka Januari, asubuhi ya baridi kali, gari likikataa kuwaka mpaka Mzee Wendell alipokuja na nyaya zake za kuamshia betri. Bibi akafika wiki kadhaa baadaye, amefunikwa koti lililomfika vifundoni, kanga ikichungulia chini yake. Uwanja wa ndege alinikumbatia, nikasikia moshi wa kuni kwenye shingo yake. Nilisimama wima kama nguzo.

Siku zile za mwanzo zilikuwa ngumu. Bibi alisema, mimi nikainua mabega. Bibi aliuliza kama nimeshiba, nikajibu kwa Kiingereza, akanitazama mdomo kana kwamba neno limeangukia chini na anaweza kuliokota. Alipika makande, nikataka mayai. Alishinda dirishani akitazama gari la kukwangua theluji likipita, akawa analipungia mkono dereva. Mchana mwingine nilimkuta akiwa amekaa tu, mikono mapajani, na sikuuliza anawaza nini.

Kisha mwezi wa tatu nikarudi kutoka shule nikamkuta amefungua redio. Timu yetu ilikuwa Florida kwenye mechi za mazoezi, na mtangazaji wa mechi, mzee mwenye sauti ya utulivu, alikuwa akieleza.

"Huyu baba ananifurahisha," Bibi akasema. "Anasoma kama mzee wa kanisa anayesoma matangazo. Anasema nini?"

Nikainua mabega.

"Eliwaza. Najua unanielewa. Nimekuuliza anasema nini."

Sikuwa na namna. Nikafungua mdomo, na maneno ya Kiswahili yakatoka yakiwa yamekauka na kupinda. "Ame... amerusha mpira. Yule mwenye fimbo amekosa. Amerusha tena. Amegonga! Anakimbia. Amefika ya kwanza."

"Ya kwanza nini?"

Sikujua kituo kinaitwaje, nikasema "kiti". Bibi akakubali kwamba kuna viti vitatu, na mtu anavizunguka, na akivimaliza anarudi nyumbani.

"Alikuwa nyumbani tangu mwanzo?"

"Ndiyo."

"Sasa alitoka kutafuta nini?"

Nilicheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka tu. Bibi naye akacheka, na kicheko chake kilianzia tumboni, hivyo hivyo kabisa kama cha mwanawe. Nilimtazama kama mtu aliyeona ndugu yake kwenye umati wa wageni.

"Na mechi inachezwa wapi?" akauliza.

"Florida. Kuna joto."

"Hapa hapa Marekani kuna mahali penye joto," Bibi akasema taratibu, "na baba yako akatuleta hapa."

Kuanzia siku hiyo nilikuwa mtangazaji wake. Nilirudi mbio kutoka kwenye basi. Niliposhindwa neno, nilionyesha kwa mwiko na viazi, yeye akanipa neno, nikalitumia kesho yake. Mzee Wendell alianza kupanda ngazi alasiri, akaletewa makande, akayasifu kwa kulamba bakuli. Yeye na Bibi hawakuwa na neno moja la pamoja, lakini mchezaji mpya akiangusha mpira waliguna kwa sauti moja. Wale chipukizi wawili walioletwa badala ya Fundi waliangusha mipira mingi. Nilimweleza Bibi hadithi yote ya Fundi, tangu soksi mpaka Novemba, na ilinichukua alasiri nzima, kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hao watoto wawili," akasema, "ni wageni. Baridi inawatisha. Wape muda." Nilikuwa najua kwamba anasema juu ya besiboli, na nilikuwa najua pia kwamba ananitazama.

Siku chache kabla ya msimu kufunguliwa, timu ikatangaza kwamba imemtema yule mmaliziaji mkongwe, Babu. Nilimtafsiria Bibi. Akazima jiko.

"Wamemwacha kwa kosa gani?"

"Wanasema mzee."

"Mzee!" Alifunga kanga yake upya, kwa hasira. "Niletee ile simu. Yule anayepokea malalamiko, mwambie nina jambo."

Hatukumpigia, maana Mama aliingia akatuzuia. Lakini hivyo ndivyo Bibi yangu, mjane wa mkulima kutoka milima ya Upare, alivyojiunga na watu wa Minnesota katika uchungu wao.

Mechi ya kwanza tuliisikiliza sote: Baba alikuwa amebadilisha zamu, Mama vitabu vyake mapajani, Mzee Wendell kwenye kiti cha mlangoni. Mmoja wa wale chipukizi alisimama mahali pa Fundi. Aliangusha mpira mapema, nikafunga macho. Baadaye ukaja mwingine, mgumu zaidi, na nikajikuta nasema kwa sauti, "Ameruka! Ameudaka! Bibi, ameudaka!" na Bibi akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Tukafungwa hata hivyo. Tulifungwa vibaya.

Simu ikalia. Baba na Mama walikuwa wakimsindikiza Mzee Wendell kwenye ngazi, Bibi mikono yake ilikuwa na unga. Nikapokea mimi.

"Haloo, hapa ni Iowa," ikasema sauti niliyoijua. "Shikamoo nani?"

Nikaanza kumweleza, kwa Kiswahili. Nilimweleza mpira ulioanguka na mpira uliodakwa, na Mnazi aliyechoka mapema, na wakubwa wa timu wasiokuwa na haya kumtema Babu, na Bibi alivyotaka kupiga simu redioni. Nilisema bila kupumua.

"Samahani," Baba Mdogo akasema hatimaye, kwa adabu, kama mtu aliyekosea nyumba. "Naongea na nani?"

"Ni mimi, Baba Mdogo. Ni Eliwaza."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nikahofia amehuzunika kwa sababu ya matokeo.

"Usijali," nikamwambia. "Leo wametufunga. Kesho tunacheza tena."